Maswali Yenu: Mshauri Nasaha Aliye Kwenye Simu

SWALI: Assalaam aleikum. Mume wangu ni baharia kwenye meli ya mizigo, mkataba wa miezi 9. Akichelewa kujibu, moyo hunienda mbio, usingizi unapaa, najikuta nimetuma jumbe kumi. Juzi aliniambia namchosha. Dada yangu ananihimiza nitafute mshauri wa mtandaoni. Mtu ninayemwona kwenye skrini tu atanifaa nini?
Mke wa Baharia, Mikindani

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Kabla ya skrini, pitia zahanati. Moyo kwenda mbio huweza kutokana na upungufu wa damu au tezi ya shingo iliyozidisha kazi, na yote mawili hujulikana kwa kupima damu. Angalia na unachotumia: kahawa tungu vikombe vitatu baada ya magharibi, au muguka wa kukeshea, hupandisha mapigo ya moyo na kufukuza usingizi. Wengi humlaumu mume kwa kazi ya muguka.

Vipimo vikiwa safi, hapo mshauri ana kazi. Katika kikao cha kwanza huenda akakuuliza maswali 7 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja na alama 0 hadi 3. Ukifika 10, wahaka wako unastahili kuangaliwa kwa makini. 15 na kuendelea ni mkali. Hiyo ni rula tu, haikupi jina la ugonjwa. Faida yake ni kwamba mtayarudia maswali hayo baada ya vikao kadhaa muone kama alama zinashuka.

Sasa kiini cha jambo. Unatuma ujumbe wa tano, anajibu "niko salama", nawe unashusha pumzi. Nafsi yako imejifunza nini? Kwamba utulivu umeletwa na kuuliza. Kesho itakudai uulize mapema zaidi. Ndiyo sababu majibu yake hayakushibishi hata akijibu yote.

Dawa ni kuchelewesha, kidogo kidogo. Hamu ya kutuma ikija, andika saa na kiasi cha hofu, 0 hadi 10, kisha subiri dakika 15 ndipo uamue. Fanya hivyo siku tatu au nne, halafu panda hadi 30, halafu saa nzima. Andika hofu tena mwishoni mwa kila kungoja. Mara nyingi utaikuta imeshuka yenyewe bila jibu lolote. Wengi huharibu hapa: hawatumi ujumbe, lakini wanachungulia alionekana mtandaoni lini, au wanampigia wifi. Huko nako ni kuuliza, kwa mlango wa nyuma.

Na zile tiki za WhatsApp usizisome kama barua ya talaka. Moja maana yake ujumbe haujafika kwenye simu yake, jambo la kawaida meli ikiwa mbali na mtandao. Mbili za kijivu, umefika. Zisipogeuka buluu, huenda amezima tu taarifa ya kusoma.

Kifua kikibana, usivute pumzi kubwa za haraka, zitakuzidishia kizunguzungu. Vuta polepole kwa hesabu ya 4, toa kwa 6, dakika 5.

Mumeo naye ana sehemu yake, nayo ni ndogo: mkubaliane siku na saa ambazo kwa kawaida ana mtandao, na salamu moja fupi kila afikapo bandarini. Asikubali kujibu kila saa. Kwa huruma hiyo anaulisha wahaka.

Vikao kwa kawaida ni kimoja kwa wiki, kama dakika 50. Kufikia cha nne, ikiwa hujapewa kazi ya nyumbani hata moja na mnazungumza tu, muulize mpango wake ni upi.

SWALI: Kuna mtu anajitangaza Facebook kuwa mshauri wa mapenzi. Anataka nimlipe vikao 10 mapema kwa M-Pesa. Nimwamini?
Kijana, Likoni

JIBU: Usilipe kumi. Lipa kimoja. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili; mwombe namba yake ya usajili na uihakikishe kwa bodi. Muulize pia alisomea wapi, nani humsimamia, ukivunja miadi unatozwa nini, na ni lini atavunja siri yako. Mshauri wa kweli atajibu hili la mwisho bila kigugumizi: maisha yakiwa hatarini au mtoto akidhulumiwa. Anayeahidi kumrudisha mpenzi kwa siku tatu ni mganga mwenye bando.

SWALI: Nyumba yetu ni ya vyumba sita na korido moja, mama mkwe yuko mlango wa pili. Nitaongea wapi?
Bi. Arusi, Kisauni

JIBU: Chagua saa ambayo nyumba iko sokoni au msikitini, vaa visikizi, weka feni au redio karibu na mlango, si karibu nawe. Kukishindikana, omba kikao cha kuandikiana, au kaa ndani ya gari lililoegeshwa. Panga na mshauri neno la kawaida, kama "mchele umekwisha", likimaanisha kuna mtu ameingia. Video ya saa moja yaweza kula MB 500 au zaidi. Sauti pekee hula kidogo sana, nayo inatosha. Kubalianeni mapema: mtandao ukikatika, nani anampigia nani, na baada ya dakika ngapi.

SWALI: Mume wangu hunipiga. Amekubali tufanye ushauri wa pamoja mtandaoni. Tuanze?
Asiyetaka jina, Changamwe

JIBU: Hapana, dada, si pamoja. Utakalosema kikaoni utalilipia simu ikishazimwa, na mshauri aliye mbali hana mkono wa kukukinga. Anza peke yako, kwa simu asiyoishika yeye. Namba 1195 ni ya bure kwa wanaodhulumiwa majumbani. Ukiwa na majeraha, Hospitali Kuu ya Pwani ina kitengo cha kuhudumia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Na ikiwa ulilazimishwa kingono, fika kabla ya saa 72 kupita ili upewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Usioge wala kufua nguo ulizovaa. Zibebe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki.