Jibu: Nundu za miti za kuchonga bakuli, nizipate wapi kihalali?

Ndugu, umeuliza kama unaweza kukata nundu, yaani uvimbe mgumu wa shina, ya mninga uliyoiona msituni na kuuacha mti umesimama. Nakusihi usifanye hivyo. Kidonda kinachobaki ni kikubwa, kuvu na wadudu huingia humo, na mti huoza taratibu. Isitoshe, mninga, kama ulivyo mpingo na mvule, haukatwi hapa Tanzania bila leseni. Sheria ya Misitu ya 2002 iko wazi. Ukiwa ni msitu wa kijiji, serikali ya kijiji nayo lazima ihusike.

Tafuta miti inayoangushwa tayari. Miembe na mikorosho mizee mashambani ina nundu nzuri ajabu, na nyingi huishia kwenye mkaa! Ongea na mwenye shamba mapema, mwandikishane, kisha pita ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) uulize kuhusu kibali cha kusafirisha kabla hujapakia, maana kwenye vizuizi utaulizwa karatasi.

Nundu yenyewe utaijua kwa gome lililokunjamana, mara nyingi na vichipukizi vidogo vingi. Igonge kwa nyuma ya panga. Ikilia kama debe tupu, ndani imeoza. Ikate ukiacha sehemu ya shina pande zote mbili, na siku hiyohiyo pakaa nta au rangi nzito kwenye mikato, la sivyo itapasuka. Bakuli la sentimita 30 lichonge likiwa bichi, kuta ziwe nene kama sentimita 3, kisha likauke polepole kivulini, limefungwa kwa magazeti, ndipo ulimalizie.