Njegere zimepakwa unga, na mankozebu haifui dafu

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Nipo Lukozi, Lushoto. Nilipanda njegere bondeni mwezi wa sita, namwagilia kwa mfereji, na sasa zimeanza kufunga maganda. Majani ya chini yamekuwa meupe kama yamemwagiwa sembe, na maganda machache nayo yameanza. Nimepiga mankozebu, dawa ya ukungu, mara tatu, hali ni ile ile. Niongeze kipimo?

JIBU: Marahaba. Usiongeze hata kijiko. Mankozebu husaidia kwenye madoa ya majani na ubwiri vinyoya, ila kwa ubwiri unga, ambao ndio ninaoushuku kwako, haifui dafu. Dukani ukisema "ukungu" tu, mara nyingi utapewa hiyo hiyo.

Lakini kwanza tuhakikishe. Chuma jani la chini, pitisha kidole upande wa juu. Unga ukibaki kidoleni, ni ubwiri unga. Kisha ligeuze: ukikuta manyoya ya kijivu yenye uzambarau, na upande wa juu pana baka la njano, huo ni ubwiri vinyoya, ugonjwa wa baridi na unyevu. Ukiona madoa ya kahawia yaliyobonyea hadi kwenye shina na maganda, huo ni ugonjwa wa askokita, nao huja hata na mbegu, kwa hiyo mbegu ya shamba hilo usiihifadhi.

Wengi hushangaa ubwiri unga kuja kiangazi, wakati masika yote njegere zilikuwa safi. Kuvu huyu hapendi kunyeshewa. Mvua humwosha atoke kwenye jani. Anachotaka ni mchana mkavu, usiku wa baridi na umande kidogo, na bonde lenu mwezi wa saba na wa nane humpa vyote. Mimea ikisongamana, ndiyo kabisa.

Dawa yake ya bei nafuu ni salfa ya kuchanganya na maji. Kwa bomba la lita 20 kwa kawaida ni gramu 40 hadi 60, ila fuata lebo ya pakiti yako. Piga asubuhi umande ukishakauka, au jioni, kwani kwenye jua kali salfa huunguza majani. Ingiza mdomo wa bomba chini, kwenye majani yaliyojificha. Huko ndiko ugonjwa ulikoanzia, na ndiko wapigaji wengi wasikofika. Rudia baada ya siku 7 hadi 10.

Salfa huzuia kuliko kuponya. Kwa kuwa maganda yako yameshaguswa, ningeanza na dawa ya kupenya ndani ya jani, ya kundi la triazo, mara moja tu, mradi lebo iseme inaruhusiwa kwenye njegere, kisha niendelee na salfa. Ukiitumia triazo mfululizo, kuvu huizoea. Na hesabu siku za kusubiri kabla ya kuchuma, pamoja na zile za mankozebu uliyokwisha kupiga. Najua gari la Dar halisubiri, lakini mlaji naye ana tumbo. Majani yaliyokwisha kuwa meupe usitegemee yarudi. Angalia machipukizi mapya, hayo yakibaki kijani dawa imeshika.

Jambo moja zaidi, maana bondeni watu hupanda kwa zamu: usiweke njegere changa kando ya hizi. Upepo utapeleka ugonjwa kwenye tuta jipya kabla halijatoa ua. Ukimaliza kuchuma, ng'oa zote, fukia masalia, na hapo panda karoti au kabichi.