Anayeuliza "umeolewa wapi" hataki jibu

Swali la wiki lilikuwa hili: je, lugha ya kuwadhalilisha wanawake katika siasa ni joto la kawaida la kampeni, au ni jambo la kuchukuliwa hatua? Mimi nasema hatua ichukuliwe, tena kabla ya uchaguzi wa 2027. Ninakodisha spika, jenereta na lori la mikutano katika mitaa ya Eastlands hapa Nairobi. Kila msimu wa kampeni mimi husimama hatua chache kutoka kwa mtu aliyeshika maikrofoni, kwa hiyo ninayoyaandika nimeyasikia kwa masikio yangu.

Mgombea mwanamke akifika uwanjani, kwanza hufunga leso juu ya nguo yake. Lori liko juu, ngazi hakuna, na vijana wameshainua simu zao kutoka chini wakimsubiri apande. Nimemwona mwalimu mstaafu, mama wa watu, akiwaomba watu wake wamzunguke ndipo akanyage gurudumu. Mwanamume hubebwa juujuu kwa shangwe, hana habari na simu za mtu yeyote. Siku hizi siendi mkutanoni bila ngazi ya mbao, nami huiweka upande wa mbele ya lori, ambako umati haufiki.

Akishapanda, MC humkaribisha kwa umbo lake. Aliyemtangulia alitajwa kwa shahada zake na barabara alizoahidi. Yeye anatajwa kwa rangi yake, mwendo wake na jinsi alivyovaa, kisha DJ anaambiwa amwekee wimbo acheze kidogo. Akicheza, ataambiwa hana heshima. Akikataa, ana maringo.

Katika kampeni za 2022 nilikuwa mtaa wa Kayole, na mgombea wa kiti cha wadi alikuwa ameanza kuzungumzia majitaka yanayopita mbele ya nyumba za watu. Alikuwa na karatasi mkononi, ameandika pesa zilizotengwa kwenye bajeti ya kaunti na kazi ambayo haikufanywa. Watu walikuwa wametulia wakimsikiliza. Ndipo sauti ikatoka katikati ya umati: "Kwanza tuambie umeolewa wapi!" Uwanja ukaangua kicheko, wanawake wakiwemo. Akajitetea. Alieleza mumewe ni nani, kwamba watoto wao wamezaliwa na kusomea papo hapo Kayole, na kwamba yeye na mumewe ni wa makabila mawili tofauti lakini wanaishi vizuri. Alipomaliza kujieleza, muda wake ulikuwa umekwisha. Karatasi ilirudi mkobani. Aliyemfuata alikuwa mwanamume, na hakuna aliyemuuliza mkewe ametoka wapi. Majitaka hayakutajwa tena jioni ile.

Ndiyo maana siamini kwamba matusi haya ni hasira za kampeni. Yana kazi. Mtu ameuliza pesa zilikwenda wapi, na badala ya kujibiwa anarudishiwa swali kuhusu ndoa yake, mwili wake au uzazi wake. Mwenye deni la jibu ameponyoka.

Haya hayakuanza jana. Mwaka 1989 Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, aliandika barua akipinga jumba la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma katikati ya Nairobi. Hoja yake ilikuwa wazi: gharama, mkopo, na uwanja wa umma unaotumiwa na watu wasio na bustani kwao. Bungeni, wabunge waliliita kundi lake la kupanda miti, Green Belt Movement, genge la wanawake waliopewa talaka. Rais Moi naye akasema mwanamke wa desturi za Kiafrika anapaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Swali lilihusu jumba, jibu likahusu talaka. Jumba hilo halikujengwa, na kila familia inayokwenda Uhuru Park Jumapili inakanyaga nyasi ambazo mama yule alitukanwa kwa kuzitetea.

Au tukumbuke Septemba 2013 hapa City Hall, makao ya serikali ya kaunti ya Nairobi, gavana wa wakati huo alipoonekana kwenye kamera akimpiga kofi mwakilishi wa wanawake wa kaunti, aliyekuwa amefika na wafanyakazi waliogoma. Kwa wiki nzima mji ulizungumza kuhusu kofi tu, wengi wakilifanyia mzaha. Malalamiko ya wale wafanyakazi yalipotelea humo.

Swali la "umeolewa wapi" ndilo baya kuliko yote kwa sababu halina jibu sahihi. Kwa baba yako unaambiwa umeshaolewa, nenda ukaombe kura kwa mumeo. Kwa mumeo unaambiwa wewe ni wa kuja. Marehemu Joyce Laboso alilikuta katika kaunti ya Bomet. Alikuwa mbunge wa Sotik tangu 2008 na Naibu Spika wa Bunge la Kitaifa kuanzia 2013, lakini alipowania ugavana mwaka 2017 wapinzani walimtaka aende Nyanza, alikotoka mumewe. Alishinda, akawa mmoja wa magavana watatu wa kwanza wanawake nchini. Mwaka 2013 hakukuwa na hata mmoja. Mwaka 2022 wakafika saba kati ya 47. Na asiyeolewa je? Huyo anaulizwa ataongozaje kaunti ikiwa nyumba imemshinda.

Wateja wangu huniambia siasa si lelemama, anayeingia akubali kutukanwa kama wengine. Lakini mwanamume hatukanwi hivyo. Ataitwa mwizi, mwongo, mkabila, na yote hayo ni madai kuhusu kazi yake ambayo yanaweza kukanwa au kuthibitishwa. Mwanamke ataitwa hayo, kisha aongezewe malaya, tasa, kimada wa fulani. Hata gari lake litatafutiwa mwanamume aliyelinunua. Binti yangu husikia haya kwenye video zinazosambazwa simuni, naye ana umri wa kuanza kujiuliza atakuwa nani.

Katiba ya 2010 imeshatupa pa kusimama. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza, lakini kinasema uhuru huo hauhusu uchochezi wa chuki unaotokana na misingi ya ubaguzi iliyotajwa katika Kifungu cha 27, na humo jinsia, ujauzito na hali ya ndoa vimetajwa waziwazi. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ndiyo imebaki nyuma. Ilitungwa mwaka 2008 baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa 2007, na inapoeleza makosa ya matamshi ya chuki inaangalia kabila, rangi na asili ya mtu. Ndiyo maana mwaka 2022 NCIC, tume ya uwiano na utangamano wa kitaifa, ilituonya tusitamke "madoadoa", neno la mafumbo la kuwaita watu wa makabila mengine wageni wasiotakiwa, na sisi wa mitambo tuliogopa kweli kweli. Hakuna aliyeogopa kumwita mgombea malaya. Bunge liongeze jinsia na hali ya ndoa katika sheria hiyo.

Kwa upande wangu, nimeandika kwenye mkataba kwamba maikrofoni itakayotumiwa kumtukana mwanamke kwa ajili ya mwili au ndoa yake nitaizima. Niliwahi kuizima kweli, MC akiwa katikati ya sentensi. Walinilipa nusu na hawajanipigia simu tena. Wenzangu wenye spika na ma-MC wa Nairobi, tukikubaliana sharti hili, mwanasiasa hatakuwa na pa kukimbilia kukodisha.

IEBC, tume ya uchaguzi, nayo isisubiri Bunge. Kanuni za maadili zilizo katika Sheria ya Uchaguzi ya 2011 zinaipa uwezo wa kuwaita wagombea na kuwatoza faini. Ninachoomba ni kasi: malalamiko ya mgombea aliyetukanwa Jumamosi yasikizwe wiki inayofuata, video ikiwa ushahidi, na mwenye mkutano alipe hata kama aliyetamka ni MC wake. Uamuzi ukitoka baada ya kura kupigwa, haumsaidii mgombea huyo kitu.