Kupanga Asilimia Katika Madaraja: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia wa kidato cha nne. Mtihani wetu wa majaribio ulikuwa na alama 100 za nadharia na 50 za vitendo. Jumla ya kila mwanafunzi niliigawanya kwa 150 na kuionyesha kwa asilimia. Katika Excel niliandika =IF(AND(C2>=75,C2<=100),"A",IF(AND(C2>=65,C2<=74),"B", nikaendelea hivyo hadi F ya 0 hadi 29, lakini darasa zima likapata F. Nilipozidisha asilimia kwa 100, wengi walipata madaraja yao, ila wachache wakaandikiwa FALSE. Nifanyeje?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, seli inayoonyesha 75% huhifadhi 0.75, na fomula husoma kilichohifadhiwa. Kwa kuwa hata 100% ni 1 tu, kila mwanafunzi aliangukia kati ya 0 na 29.

Hizo FALSE zinatokana na mipaka yenyewe. Madaraja ya kidato cha nne, yaani A 75–100, B 65–74, C 45–64, D 30–44 na F 0–29, yameandikwa kwa namba kamili, ilhali mwanafunzi aliyepata 97 kati ya 150 ana asilimia 64.67, ambayo imeizidi 64 na haijafika 65. Fomula yako haikumwekea mahali popote.

Dawa ni kutumia mpaka wa chini peke yake. Rudisha asilimia zako zilivyokuwa kabla ya kuzidisha, kisha katika seli za H2 hadi H6 andika 0%, 30%, 45%, 65% na 75%, na kando yake, I2 hadi I6, uandike F, D, C, B na A. Katika D2 weka:

=VLOOKUP(C2,$H$2:$I$6,2,TRUE)

Neno TRUE huiagiza fomula itafute mpaka mkubwa kuliko yote ambao asilimia hiyo imeufikia. Mipaka lazima ianze na mdogo. Ukitanguliza A, kama tulivyozoea kuandika ubaoni, unaweza kupata madaraja ya uongo ambayo hayana onyo lolote. Alama za $ huzuia jedwali lisihame unapoinakili fomula kwenda chini.

Linabaki jambo ambalo kompyuta haiwezi kukuamulia. Aliyepata 112 ana asilimia 74.67, seli isiyoonyesha desimali itaandika 75%, na pembeni yake pataandikwa B. Mzazi atakayeiona ripoti hiyo atakuwa na haki ya kuuliza. Kwa maoni yangu, namba iliyochapishwa na daraja lake lazima vikubaliane: ama shule iamue kukadiria, uweke ROUND(C2,2) mahali pa C2, ama ripoti ionyeshe desimali. Uamuzi huo ufanyike kabla ya kusahihisha, nao uwahusu wanafunzi wote.

Angalia pia waliokosa mtihani. Ikiwa jumla imo katika safu wima ya B, seli tupu huhesabiwa kuwa sifuri, na mtoto aliyekuwa amelazwa hospitalini hupewa F asiyostahili. Kwa hiyo fomula kamili, pamoja na ukadiriaji, iwe hivi:

=IF(B2="","",VLOOKUP(ROUND(C2,2),$H$2:$I$6,2,TRUE))

Kuhesabu wenye A, andika =COUNTIF(D:D,"A"), na ubadilishe herufi kwa madaraja mengine.