Kamera ya video: sema kwanza unashuti nini

"Kaka, kamera gani ya video ni nzuri? Bajeti ipo."
Jamani, swali hili linakuja kila wiki. Nzuri kwa kazi gani? Harusi, mahubiri, mpira, mtoto wako anatambaa? Taja kazi, taja na kompyuta unayoeditia, hapo tutaongea.

"Nashuti harusi na sendoff hapa Dar. Ninunue kamkoda au kamera ya picha inayorekodi video?"
Ukitaka ile picha ya nyuma kufifia, au ukumbi una giza, kamera ya picha yenye sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) kubwa inaishinda kamkoda, sibishi. Ila sendoff ni saa nne tano, na kamera nyingi za picha za miaka ya nyuma zinajizima dakika ya 29 na sekunde 59, kwa sababu Ulaya kamera iliyorekodi nusu saa na zaidi ilihesabiwa kamkoda na kutozwa ushuru wake. Mpya nyingi zimeondoa hilo, lakini zipo zinazochemka kwenye 4K (video kali kuliko HD) zikajizima zenyewe, bibi harusi ndo kwanza anamlisha mama mkwe keki, na hiyo keki hailishwi mara mbili! Kamkoda inakaa muda wote, zumu ndefu, na za kazi zina tundu za XLR (za maiki za kazi) na nafasi mbili za kadi, rekodi kwenye zote mbili kwa pamoja. Na tafadhali chukua sauti kwenye mixer ya DJ, maiki ya juu ya kamera ikiwa nyuma ya ukumbi inaokota kelele za sahani tu. Watu wanalipia 4K halafu hotuba ya baba haisikiki, inaniuma sana hii.

"AVCHD au MP4, ipi ina ubora?"
MP4 ni boksi tu la kubebea video, angalia kodeki (njia ya kubana video) iliyomo ndani na megabiti kwa sekunde. AVCHD, mfumo wa kurekodi wa Sony na Panasonic, ni ya 2006, mwisho wake megabiti 28, kwa HD inatosha kabisa. Ukihamisha, kopi folda nzima, ukichomoa faili mojamoja klipu ndefu iliyokatwa vipande inaweza kuruka kwenye viungo. Kodeki ya H.265 inabana zaidi lakini laptop ya zamani itakwamakwama, usije ukalaumu kamera.

"4K inakula kadi kiasi gani?"
Kwa megabiti 100 kwa sekunde, kama GB 45 kwa saa. AVCHD ya megabiti 24 ni kama 11. Nunua kadi ya V30 (alama ya kasi ya kuandika), na ijaribu kwa kuijaza yote nyumbani kabla ya kazi, maana feki zimejaa, imeandikwa 128 kumbe ndani hazifiki, inaendelea kurekodi huku inafuta za mwanzo.

"Taa za ukumbini zinapepesa kwenye video."
Umeme wetu ni hertzi 50, kamera iendane nao. Kwenye menyu weka PAL (mpangilio wa video wa hertzi 50), fremu 25 au 50 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) sekunde 1/50.

"Nina kanda za MiniDV za harusi ya wazazi, bado zipo salama?"
Usizitegemee, zihamishe kwenye kompyuta mwezi huu. Unahitaji kamera inayocheza kanda, waya wa FireWire na kompyuta yenye tundu lake, saa moja ni kama GB 13. Usikubali fundi azicheze kwenye tivi azirekodi kwa simu. Na hiyo kamera ya zamani usiiuze mpaka kanda ya mwisho ihamie kwenye diski mbili.