Usimwite mtoro kabla hujafika kwao

Karibu, wewe unayeanza utafiti wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso, kwa watoto wenye saratani hapa Mwanza. Dodoso na kibali cha maadili msimamizi wako atakuelekeza. Mimi nakuomba uyaangalie vizuri mafaili.

Utakuta watoto wengi wameandikwa "mtoro wa matibabu". Usiwatoe kwenye hesabu. Hospitali ya Bugando inapokea wagonjwa wa Geita, Mara, Kagera, Simiyu, mpaka visiwa vya Ukerewe. Mzazi akiona dawa hazisaidii tena, anapiga hesabu. Mtoto aliye hai atapakatwa kwenye basi, kisha kivuko. Akifia wodini, mwili utahitaji gari la kukodi. Basi anaondoka mapema, mara nyingine bila kuaga kwa sababu anaogopa kugombezwa. Huyo hakutoroka. Amempeleka mwanawe akafie nyumbani, na huko maumivu ya usiku anayatuliza kwa alichonacho. Kwangu mimi, utafiti wenyewe uko hapo.

Nilipoanza, nilimpigia mama mmoja wa Ukerewe kumkumbusha tarehe ya kliniki. Nikasalimia, nikauliza, "Mama, mtoto anaendeleaje?" Akanyamaza. Nyuma yake nikasikia watu wengi na sufuria zikigongana. Walikuwa matangani, siku ya tatu. Tangu hapo sipigi simu kabla ya kuuliza kwa muuguzi au mhudumu wa afya wa kijijini. Nikipiga, nauliza habari za nyumbani, naacha mwenyewe aniambie.

Kuhusu ridhaa ya kushiriki utafiti, anayemuuguza mtoto wodini mara nyingi ni bibi anayezungumza Kisukuma tu, na baba mwenye uamuzi yuko mbali. Wape muda wazungumze. Mtoto naye aulizwe, hata mwenye saratani ya limfoma ya Burkitt ambaye taya limevimba asiweze kutamka vizuri. Mmoja alinichorea mbuzi kwenye karatasi ya ridhaa. Mbuzi huyo ndiye aliyetaka kwenda kumwona nyumbani.

Yule mama wa Ukerewe nilimwendea miezi kadhaa baadaye, baada ya yeye kukubali. Alinitolea chupa ya morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, imeoshwa, mstari wa kalamu aliochora muuguzi bado unaonekana. Akasema dawa iliisha siku sita kabla ya mtoto kufariki. Dodoso langu lilikuwa linauliza tu kama mtoto alipewa morfini. Nikiwa kwenye kivuko, nikaongeza swali: iliisha lini?