Mbona sijafika Dublin: jibu kwa baraza

Mwanangu, sauti yako nimeisikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa ndani ya basi natoka zamu ya usiku. Vicheko vya hapo barazani nimevisikia nyuma yako, kwa hiyo jibu hili wasomee na wao. Mmeniuliza mambo matatu. Kwanza, ati huku Belfast vita vyao vya zamani vinarudi kwa sababu ya Brexit, yaani Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya. Pili, Dublin ni saa mbili tu kwa treni na mie niko huku tangu 2022, mbona sijatuma hata picha moja ya huko. Tatu, ukimaliza chuo nikutafutie njia na wewe uje. Nianze na hiyo Dublin, maana ndiyo iliyoniuma.

Sijaenda kwa sababu sina ruhusa. Kisiwa hiki kimoja kina nchi mbili: kaskazini, niliko mie hapa Belfast, ni Ireland ya Kaskazini, chini ya Uingereza; kusini ni Jamhuri ya Ireland, imo Umoja wa Ulaya. Katikati upo mpaka wa kilomita kama 500, wenye njia za kuvukia zaidi ya 200, na hakuna hata geti moja. Hakuna mtu wa forodha wa kukufungulia mkoba. Unajua umevuka pale vibao vya mwendo vinapogeuka kutoka maili kuwa kilomita na simu inapokuletea ujumbe wa kukukaribisha. Mwingereza na Mwairishi wanapita hivyo hivyo, wanaishi na kufanya kazi upande wowote, kwa makubaliano yao yaliyoanza miaka ya 1920. Lakini makubaliano hayo ni ya raia wa nchi hizo mbili. Mie nina pasipoti ya Tanzania na visa ya Uingereza. Kwa Dublin nataka visa nyingine, na pesa nyingine, na siku za likizo ambazo sina.

Mtasema, si hakuna geti? Ndiyo, hakuna, lakini siku nyingine askari hupanda basi wakaangalia karatasi. Mwenzangu mmoja wa kazini aliteremshwa hivyo, basi zima linamtazama, yeye peke yake ndiye mweusi humo. Tangu siku hiyo mie na huo mpaka tunaheshimiana. Zile karafuu na ubani mlizompa yule bwana aliyeshukia Dublin, alikwenda kuzipokea msichana wa hapa hapa tunayefanya naye kazi. Mie nilimsubiri stesheni ya Newry, upande wangu, na chupa ya chai.

Sasa kwa nini hakuna geti, hapo ndipo hadithi ilipo.

Nchi hii ina watu milioni 1.9, sawasawa na sisi Zanzibar. Sensa yao ya 2021 na yetu ya 2022 hazikupishana sana. Kwa nchi ndogo hivi, vita vyao vya miaka thelathini, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, viliua watu zaidi ya 3,500. Upande mmoja wanaotaka kubaki na Uingereza, wengi wao Waprotestanti. Upande wa pili wanaotaka Ireland iwe moja, wengi wao Wakatoliki. Kuna bibi mmoja ninayemhudumia hapa kwenye nyumba ya wazee, mumewe alikuwa mkulima mpakani. Ananihadithia wanajeshi walivyozifunga zile njia ndogo kwa zege, nyingine wakazilipua zikabaki mashimo, na mumewe kumfikia ng'ombe aliyekuwa akimwona kwa macho ilimbidi azunguke kwa gari karibu saa nzima. Usiku vijana wanafukia shimo, mchana jeshi linachimba tena. Juu ya vilima, minara ya kuwachungulia.

Tarehe 10 Aprili 1998 walitia saini Mkataba wa Ijumaa Kuu. Mwezi uliofuata wananchi wakaupigia kura: kaskazini asilimia 71 walisema ndiyo, kusini asilimia 94. Mkiuangalia ulivyojengwa ni mafiga matatu. Figa la kwanza ni serikali ya pamoja hapa Belfast, kwenye jengo la Stormont, ambapo Waziri Kiongozi na naibu wake wana nguvu sawa, na mmoja akijiuzulu mwenziwe naye hana kazi. Figa la pili ni kaskazini na kusini kushirikiana. La tatu ni London na Dublin. Na ndani yake mna neno moja ambalo mie nalipenda kuliko yote: mtu aliyezaliwa hapa ana haki ya kujiita Mwingereza, au Mwairishi, au vyote viwili, na hakuna wa kumlazimisha achague. Mpaka ukishakuwa hauonekani, swali lenyewe linapoa. Aliyeitaka Ireland moja anaamka asubuhi, anakwenda Dundalk, mji wa upande wa kusini, kununua mafuta na kurudi, na siku inapita bila mtu kumwuliza yeye nani.

Brexit ikamwuliza. Mwaka 2016 Uingereza nzima ilipiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya, ingawa hapa kaskazini asilimia karibu 56 walitaka kubaki. Baina ya nchi iliyo ndani ya Umoja na iliyo nje lazima bidhaa zikaguliwe mahali. Wakizikagua kwenye ardhi, wanarudisha yale mageti ya zamani, na hapo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujaribu. Basi ukaguzi wakaupeleka baharini. Ireland ya Kaskazini ikabaki na kanuni za Ulaya za bidhaa, na mizigo inayotoka Uingereza yenyewe ikawa inakaguliwa bandarini Belfast, Larne na Warrenpoint.

Nyinyi hapo barazani hamhitaji mwalimu wa jambo hili. Mnakumbuka mtu akinunua televisheni Darajani, Unguja, akaivusha Dar, alivyokuwa akitakiwa alipe ushuru, kana kwamba ametoka nayo Dubai na si katika nchi ile ile. Kero ya Muungano miaka na miaka! Basi hasira ile ile mnayoijua ndiyo waliyokuwa nayo wale wa upande wa Uingereza hapa. Wanasema: sisi ni nchi moja, vipi soseji kutoka Liverpool itakiwe karatasi? Huwa naichekea kimoyomoyo, halafu nacheka kidogo tu, kwa sababu na mie imenipata. Niliagiza dera kwa mfanyabiashara mmoja wa Uingereza, pesa nimeshalipa, akaniandikia kwamba huku hatumi tena, fomu zimemshinda. Na nikifungua friji hapa kazini, maziwa na nyama vina kibandiko kinachosema si vya kupelekwa Umoja wa Ulaya.

Chama kikubwa cha wanaotaka kubaki na Uingereza, DUP, kikaitumia kanuni ya figa la kwanza. Februari 2022 Waziri Kiongozi wao akajiuzulu na serikali nzima ikaanguka. Mie nimefika nchi haina serikali, na miezi inakatika. Mei mwaka huo Sinn Féin, wanaotaka Ireland moja, wakatoka wa kwanza kwenye uchaguzi kwa viti 27, lakini wakae na nani? Makatibu wakawa wanaendesha wizara kwa kubahatisha, mishahara ya wauguzi na walimu imeganda. Tarehe 18 Januari 2024 wafanyakazi wa umma zaidi ya laki moja wakagoma, hakuna basi wala treni, na baridi ya kuvunja mifupa. Nilitembea dakika hamsini kwenda kazini na soksi mbili mbili. Tarehe 3 Februari serikali ikarudi, baada ya London na Brussels kulegeza ule ukaguzi na London kuwaongeza maneno ya kuwatuliza. Disemba mwaka ule wabunge wa Stormont wakapiga kura kama kanuni za biashara ziendelee: 48 ndiyo, 36 la. Wa upande wa Uingereza hakuna hata mmoja aliyesema ndiyo. Zimeendelea, lakini hiyo si kura ya kujivunia.

Hapa ndipo nawaza nyumbani, na msinikasirikie. Sisi nasi tulipiga kura ya serikali ya umoja wa kitaifa, Julai 2010, asilimia 66. Ilikuwa siku nzuri, babako alilia. Kisha kura za 2015 zikafutwa, na ile serikali ya pamoja ikabaki jina mpaka 2020. Tofauti ninayoiona ni moja. Maridhiano yetu yalisimama juu ya watu wawili kuaminiana, na mtu anaondoka, anakufa. Hawa wana wadhamini: nchi mbili zimejifunga kwa mkataba wa kimataifa, na Wamarekani wako nyuma wanatazama, maana aliyewasuluhisha ni seneta wao wa zamani, George Mitchell. Ndiyo maana Stormont ikianguka, watu wananuna na kugoma, lakini hawatafuti bunduki. Hatari kwao ni wadhamini wenyewe wakigombana. Miaka ile London na Dublin walipokuwa hawasemeshani vizuri, huku chini ulihisi. Aprili 2021, kabla sijaja, vijana walichoma basi karibu na ukuta unaotenganisha mitaa ya pande mbili. Kuta hizo zipo mpaka leo, na mageti yake mengine hufungwa usiku. Nilidhani ni uzio wa kiwanda.

Kwa hiyo vita vinarudi? Vile vya mabomu, mie sivioni. Watu wa umri wangu wanakumbuka mno. Ninachokiona kinanikaribia mie zaidi kuliko wao.

Agosti 2024, baada ya watoto watatu kuuawa kwa kisu mji wa Southport kule Uingereza, ulienea uzushi kwamba muuaji ni Mwislamu aliyekuja kuomba hifadhi. Hakuwa. Tarehe 3 hapa Belfast waliandamana, na maduka ya wageni yakachomwa moto. Bendera ya Uingereza na bendera ya Jamhuri zilibebwa pamoja kwenye maandamano yale. Miaka thelathini ya kuuana, na jambo la kwanza la kuwakutanisha njia moja ni sisi. Juni 2025 ikawa Ballymena, mji mwingine wa huku kaskazini, mpaka watu wakawa wanabandika karatasi milangoni kuandika wao ni wa taifa gani ili nyumba isiguswe.

Siku zile za Agosti nilikuwa zamu ya usiku. Bibi mmoja mwingine, akili inamtoka na kumrudia, alikuwa anatazama moto kwenye televisheni. Akanishika mkono, akaniambia niwakusanye watoto, tutoke kwa mlango wa nyuma, wameshafika mtaani. Yeye alikuwa yuko Agosti 1969, nyumba za Wakatoliki zilipochomwa Belfast. Nikamwambia watoto wote wako salama, wamelala. Aliniuliza majina yao. Nikamtajia nyinyi.

Na kuna jingine la kisheria, msilipuuze. Ule Mkataba wa Ijumaa Kuu umeahidi Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu utumike hapa. Sasa wako wanasiasa Uingereza wanaotaka kujitoa humo, ili iwe rahisi kuwafukuza wanaoomba hifadhi. Mnaikumbuka ile habari ya kuwapeleka watu Rwanda? Mei 2024 Mahakama Kuu ya Belfast ilisema sehemu za sheria yao ya uhamiaji haziwezi kutumika huku, kwa sababu zinagongana na haki zilizolindwa baada ya Brexit. Ukitaka kumtoa mgeni, unagusa amani ya mwenyeji. Wengi wanaopiga kelele London hilo hawalijui, au wanalijua.

Hapa wana utani wao wa zamani. Ukisema wewe Mwislamu, wanakuuliza: Mwislamu Mkatoliki au Mwislamu Mprotestanti? Nilipoajiriwa nilicheka, kisha nikaletewa fomu ya kweli inayouliza natokana na jamii ya Kikatoliki, ya Kiprotestanti, au sina. Ni sheria, waajiri wanatakiwa wahesabu ili asibaguliwe mtu. Nikatia alama kwenye "sina". Na wabunge wa Stormont nao hujiandikisha hivyo hivyo: wa Uingereza, wa Ireland, au "wengine". Sisi ni wengine wa wengine.

Kuhusu wewe kuja: njia niliyopitia mie imefungwa. Tangu tarehe 22 Julai 2025 hawaleti tena walezi wa wazee kutoka nje, kwa hiyo mtu akikwambia ana nafasi ya ulezi huku na anataka pesa, mkimbie. Uuguzi bado una mlango, lakini cheti kwanza, na mtihani wa Kiingereza, usiombe radhi kwa matokeo kabla hujaufanya. Ukishayapata nipigie, si kwa sauti ya barazani, nipigie wewe. Na uniambie babako kama amekwenda kupimwa macho, maana mwezi wa tatu sasa ananidanganya.